Yoga imefika Kahama kwa simu: mzazi akitaka kufundisha na watoto wa jirani, familia ziulize nini?

Kila ifikapo Juni 21 dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Yoga. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha Desemba 11, 2014, kwa pendekezo la India lililoungwa mkono na nchi 177, na maadhimisho yakaanza mwaka 2015. Dar es Salaam huwa kuna mkusanyiko, watu wanatandika mikeka na kunyoosha viungo pamoja. Huku kwetu siku hiyo hupita kimya. Ni wakati wa mavuno ya mpunga, na kwenye maduara kazi haisimami kwa ajili ya mkeka.

Lakini ukimya huo usitudanganye. Yoga imeshafika Kahama, Msalala, Ushetu, mpaka Bukombe na Geita, na haikuja na mwalimu. Imekuja kwa simu. Tunavyosikia kutoka kwa wasikilizaji, mambo huenda hivi: mzazi anasumbuliwa na mgongo, anatumiwa video, anatandika mkeka chumbani na kujaribu. Wiki mbili hazijaisha, watoto nao wamelala pembeni yake wakimuiga. Mwezi ukipita, jirani anaomba na wa kwake waje. Hapo ndipo maneno yanapoanza mtaani.

Wengine wanauliza kama hayo ni mazoezi au ni dini ya watu. Wengine wanataka kujua kama kweli yanatibu mgongo. Na wachache wanauliza lile ambalo sisi tunaliona ni zito kuliko yote: ni nani aliyempa mzazi huyu ruhusa ya kumfundisha mtoto wangu? Tumeona tuyaeleze yote matatu kwa maandishi, kwa sababu kwenye kipindi muda huwa hautoshi.

Imetoka wapi

Neno yoga ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na asili yake ni kuunganisha au kufunga nira. Ndiyo, nira kama ile tunayowafunga maksai wakati wa kulima. Maandiko yake maarufu yanahusishwa na mwalimu aitwaye Patanjali, na yana zaidi ya miaka 1,500. Ukiyasoma utashangaa, maana habari za kukunja miguu na kupinda mgongo zimetajwa kidogo sana. Sehemu kubwa ni habari ya kutuliza akili, kujizuia, na safari ya roho kama inavyoeleweka katika dini za kule.

Yoga ya kunyoosha viungo tunayoiona kwenye simu ni changa zaidi. Ilipata sura yake miaka ya 1920 na 1930, hasa mjini Mysore kusini mwa India, ambako mwalimu T. Krishnamacharya alifundisha vijana chini ya ufadhili wa mfalme wa pale. Wapo wanahistoria wanaosema baadhi ya mikao ilichanganyika na mazoezi ya viungo ya Ulaya, yaliyokuwa yameingia India kupitia majeshi na shule. Mwanafunzi wa Krishnamacharya, B.K.S. Iyengar, alitoa kitabu mwaka 1966 kilichoipeleka yoga kwenye nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 UNESCO ikaiweka yoga kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Kwa hiyo ndugu msikilizaji, anayekuambia yoga haina uhusiano wowote na dini hakuelezi ukweli wote. Na anayekuambia kwamba kila anayenyoosha mgongo kwenye mkeka ameshaingia dini nyingine, naye amekwenda mbali mno.

Swali la dini si la ujinga

Tumesikia watu wa mjini wakiwacheka wanakijiji wanaoogopa yoga. Sisi hatucheki. Mzazi anayeuliza mwanawe anafundishwa nini anafanya kazi yake. Kanda yetu imeona watu wengi wakifika kijijini na tiba mpya na maneno matamu, wakakusanya fedha, wakaondoka. Na mwaka 2023 jirani zetu Kenya walifukua zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa, na watoto walikuwa miongoni mwao. Pale hapakuwa na yoga hata kidogo, ilikuwa ni mahubiri. Tunaitaja kwa sababu moja tu: mkusanyiko wowote wa familia ambao watu wa nje hawaruhusiwi kuuona unastahili kuulizwa maswali.

Viongozi wa dini duniani hawana jibu moja. Mwaka 1989 Vatikani ilitoa barua kuhusu sala ya Kikristo, iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 16. Barua hiyo iliwaonya waamini wasichukulie utulivu wa mwili unaoletwa na mbinu kama hizi kuwa ndiyo kazi ya Roho Mtakatifu. Hata hivyo haikusema kila kitu kutoka huko kitupwe. Kwa upande wa Waislamu, baraza la fatwa la Malaysia lilikataza yoga mwaka 2008. Mwaka uliofuata wanazuoni wa Indonesia wakatenganisha mambo mawili: yoga yenye maneno ya ibada ikakatazwa, ya mazoezi matupu ikaruhusiwa. Saudi Arabia yenyewe, ambako ndiko kwenye Makka, iliitambua yoga kama shughuli ya michezo mwaka 2017.

Mtu wa Usukumani hana haja ya kwenda Saudi Arabia kulielewa hili. Ngoma zetu zimepita njia hiyo hiyo. Mashindano ya Bagika na Bagalu yalikuwa na dawa zake, na kulikuwa na wakati ambapo Mkristo aliyeonekana kwenye ngoma alitiliwa shaka. Halafu miaka ya 1950 padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akaanza kule Bujora, Kisesa, kuingiza ngoma na sanaa za Kisukuma ndani ya kanisa. Sherehe ya Bulabo tunayoijua leo, yenye ngoma na nyoka, imefungamana na sikukuu ya Ekaristi. Watu walikaa, wakachambua, wakachukua mwendo na mdundo na kuacha walichoona hakiendani na imani yao. Bado wapo wasiokubaliana na uchambuzi ule, na wana haki hiyo.

Sisi si mashehe wala mapadri. Ila tunachokiona ni kwamba yoga inaweza kuchambuliwa vivyo hivyo. Maneno ya kuimba, yale ya kutamka omu, salamu za mikono kifuani, maelezo ya nguvu zinazopanda uti wa mgongo: hayo yakiachwa, kinachobaki ni mikao ya mwili na kuvuta pumzi taratibu. Familia isiyotaka hata hicho kilichobaki isisumbuliwe. Mazoezi ya viungo yapo mengi, na kukimbia hakuna aliyekutilia shaka.

Mwili wa mtu wa Kahama

Sasa tuje kwenye mgongo, maana hapo ndipo wengi wanapoanzia.

Kazi za huku zinaukunja mwili upande mmoja. Mama anayepandikiza mpunga kwenye majaruba anainama tangu alfajiri. Kijana wa duarani anapiga nyundo na tindo akiwa amejikunja mahali ambapo hawezi hata kuinua kichwa, kisha viroba vya mawe vinapandishwa kwa mabega. Wanawake wanaoponda mawe wanakaa chini saa nyingi miguu imenyooka, mkono mmoja tu ukifanya kazi. Dereva wa bodaboda anakula rafu za barabara ya vumbi kutwa nzima. Jioni kila mmoja ana pake panapouma.

Huwa tunaambiwa: mimi nachimba kuanzia asubuhi, hayo mazoezi ni ya watu wa ofisini. Ni hoja inayoeleweka, lakini utafiti hauiungi mkono. Mwaka 2021 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kuwafuatilia zaidi ya watu 100,000 wa Copenhagen na maeneo ya jirani. Waliofanya mazoezi wakati wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo zaidi ya magonjwa ya moyo na vifo. Waliokuwa na kazi nzito za mwili hawakupata faida hiyo, bali hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kazi nzito inarudia mwendo ule ule, saa nyingi, bila mtu kuchagua lini apumzike, wakati mazoezi ni mafupi, yanabadilika, na mwili unapewa nafasi ya kujijenga. Copenhagen si Kakola, tunajua. Ila mwili wa binadamu unafanana.

Maumivu ya kiuno si tatizo la huku peke yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mwaka 2020 yaliwapata watu milioni 619, karibu mmoja kati ya kila watu 13. Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo wa maumivu ya kiuno yanayodumu muda mrefu kwa watu wazima. Unapendekeza mazoezi na elimu. Mikanda ya kufunga kiuno, ile inayouzwa minadani kila wiki, unasema isitumike kama tiba ya kawaida, na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni nazo unazikataa.

Na yoga je? Hapa tuwe wakweli, kwa sababu kwenye simu utaambiwa inatibu kila kitu. Mwaka 2022 jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima, lilichambua majaribio 21 yenye washiriki 2,223 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Waliofanya yoga walipata nafuu kidogo kuliko wasiofanya mazoezi yoyote, nafuu ambayo wengine wanaweza wasiione hata kuwa kubwa. Ilipolinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo, tofauti ilikuwa ndogo au haikuwepo. Maana yake ni kwamba yoga ni zoezi zuri kama mengine, wala haina muujiza wake.

Faida yake kwa mtu wa kijijini, kwa maoni yetu, iko kwingine: haihitaji uwanja, viatu wala vyuma. Mama aliye na mtoto mchanga hawezi kuingia kwenye kundi la jogging saa kumi na moja alfajiri, lakini chumbani kwake anaweza kujinyoosha dakika 15 mtoto akiwa amelala. Kwa hesabu za WHO mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku. Dakika 15 ni mwanzo. Na ni bora kuliko kidonge cha diklofenaki kila jioni, ambacho kikizoeleka bila daktari kinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Mgongo ambao mkeka hauutibu

Kipande hiki tunaomba usikiruke, hasa ukiwa unaishi kwenye machimbo.

Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu. Kinaweza kukaa kwenye pingili za uti wa mgongo, na dalili yake ya kwanza ikawa ni maumivu ya mgongo tu. Ukiwa na maumivu yasiyoisha, yanayokuamsha usiku, pamoja na homa, jasho la usiku au kupungua uzito, acha mkeka, nenda kituo cha afya. Vipimo na matibabu ya kifua kikuu kwenye vituo vya serikali ni bure. Vivyo hivyo mgongo unaoambatana na miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia haja: hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, si ya kesho. Na aliyeanguka duarani au kuangukiwa na jiwe asinyooshwe na mtu yeyote mpaka apimwe.

Kuna jambo jingine la pumzi. Video nyingi zinasema mazoezi ya kupumua husafisha mapafu. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka anaweza kuwa na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi hilo. Hauna tiba ya kuuondoa, na mwenye nao anapata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kupumua taratibu kunaweza kumtuliza mtu, lakini vumbi lililoshika mapafu halitoki kwa kupumua. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili akapime.

Mjamzito azungumze na muuguzi kliniki kwanza, na aachane na kulalia tumbo, kujikunja kwa nguvu na kulala chali muda mrefu mimba ikishakua. Mwenye shinikizo la juu la damu au tatizo la macho la presha asifanye mikao ya kichwa chini. Kusimama kwa kichwa, ambako ndiko watoto hukupenda kuliko vyote, tunashauri kuachwe kabisa. Shingo ya mtoto haina sababu ya kubeba mwili mzima ili apigwe picha.

Nairobi walifanyaje

Mfano wa karibu wa yoga kufundishwa kwenye familia za kipato cha chini uko Nairobi. Mwaka 2007 Mmarekani Paige Elenson alianzisha Africa Yoga Project. Vijana wa mitaa kama Kibera na Mathare, baadhi yao wakiwa wanasarakasi, walifundishwa kuwa walimu, kisha wakarudi kufundisha mitaani kwao, mashuleni na hata magerezani. Mamia wamepata mafunzo, wengine ni wazazi, na wapo ambao yoga imekuwa ndiyo ajira yao. Darasa lao la bure la Jumamosi limekuwa likiwakutanisha watu wa mtaa wa mabanda na wageni wenye magari kwenye sakafu moja.

Tunaipenda habari hiyo, ila isije ikasomwa vibaya. Walimu wale hawakujifunza kwa video za wiki mbili. Walipitia mafunzo ya saa nyingi chini ya walimu wengine, na mradi ulikuwa na wafadhili wa nje. Nairobi pia ina wateja wanaoweza kulipa, watu wa mashirika na ofisi kubwa, ambao fedha zao zinasaidia darasa la bure. Kahama ina fedha ya dhahabu, ni kweli, lakini sijui nani atamlipa mwalimu wa yoga Segese kila mwezi. Tukisema hivyo hatumkatishi mtu tamaa. Tunasema asiache biashara yake ya mchele kwa matumaini ya mkeka.

Nyumbani kwako ni kwako, darasani ni jambo jingine

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Mzazi anayenyoosha mgongo chumbani kwake na wanawe hana wa kumuomba ruhusa. Siku anapofungua mlango na kusema leteni na wenu, mambo yamebadilika. Sasa anashika miili na akili za watoto wa watu, na anawadai wazazi wao uwazi.

Uwazi wa kwanza ni wa jina. Wapo wanaoshauri ukiona watu wanaogopa neno yoga, usilitaje, sema tu mazoezi ya viungo. Hatukubaliani nao. Jirani akija kugundua baadaye, hata lile jema litaonekana ni hila. Waambie: hii inaitwa yoga, ilianzia India na ina historia ya dini, mimi nafundisha mikao hii na kupumua hivi, haya mengine siyafundishi. Kisha kila mzazi aamue. Hata Marekani wameligombania hili. Jimbo la Alabama lilipiga marufuku yoga shuleni mwaka 1993, na lilipoiruhusu tena mwaka 2021 sheria ilikataza maneno ya kuimba na kutaka mzazi atie saini kabla mtoto hajashiriki. Kwetu saini si lazima, ila mzazi kukubali kwa kinywa chake mbele ya watu ni lazima.

Uwazi wa pili ni wa mlango. Darasa la watoto lifanyike mahali panapoonekana, kama uwanja wa shule baada ya masomo, baraza la nyumba, ofisi ya kijiji, na wazazi waruhusiwe kuingia wakati wowote. Tena lisiwe karibu na karasha wala mahali zebaki inapochomwa, maana kuvuta pumzi ndefu penye moshi wa zebaki ni kujitia sumu kwa bidii. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa ajue. Likikua likawa kikundi chenye wanachama na michango, afisa michezo wa halmashauri ndiye wa kuanzia.

Na kuna suala la kuguswa. Mwalimu wa yoga ana tabia ya kumshika mwanafunzi ili kurekebisha mkao. Duniani mlango huo umetumiwa vibaya, tena na majina makubwa. Bikram Choudhury, aliyekuwa na shule za yoga nchi nyingi, aliamriwa na mahakama ya Los Angeles mwaka 2016 kumlipa aliyekuwa mwanasheria wake zaidi ya dola milioni 7 katika kesi ya udhalilishaji wa kijinsia, na akaondoka Marekani. Kwa watoto wetu kanuni iwe rahisi: onyesha kwa mwili wako, sema kwa mdomo, usimshike. Mtoto akikataa mkao, amekataa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na namba ya msaada kwa mtoto ni 116, kupiga ni bure. Wafundishe watoto namba hiyo hata kama darasa lenyewe ni la shangazi yao.

Picha nazo. Mtoto wa jirani aliyeinua miguu juu hatakiwi kuonekana kwenye status ya mtu bila mzazi wake kukubali. Tunajua video za watoto ndizo zinazopendwa. Ndiyo maana tunasema.

Ahadi za uponyaji zisiwepo kabisa. Anayesema yoga yake inaondoa kisukari, inashusha presha ili uache dawa, au inazalisha mgumba, huyo ameshatoka kwenye mazoezi. Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, aliposisitiza mwezi Desemba 2016 kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini, lengo lilikuwa kuzuia magonjwa yasiyoambukiza. Kuzuia ni tofauti na kutibu, na dawa haiachwi kwa sababu ya mkeka.

Namna ya kuanza bila video

Kwa kuwa bando ni ghali na video nyingi zina Kiingereza cha haraka, tunaeleza michache kwa maneno. Mmoja anaweza kusoma wengine wakifanya. Tandika mkeka au khanga mbili, tumbo lisiwe limejaa, miguu iwe wazi.

Piga magoti na uweke viganja chini, mgongo ukae kama meza. Ukivuta pumzi, acha tumbo lishuke na kichwa kiinuke, kama ng'ombe anayetazama mbele. Ukitoa pumzi, pandisha mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kichwa kikiinama. Rudia mara nane, polepole. Watoto wa huku watalipenda la ng'ombe bila kubembelezwa. Baada ya hapo kalia visigino, inama mpaka paji la uso likaribie mkeka, mikono mbele, upumue mara kumi. Magoti yakiuma, weka nguo iliyokunjwa chini yake, au acha.

Lala kifudifudi, viganja chini ya mabega, inua kifua kidogo kwa nguvu ya mgongo zaidi kuliko ya mikono. Huko India huu unaitwa mkao wa nyoka, na aliyewahi kuwaona wacheza nyoka wa Kisukuma ataelewa kwa nini. Kwa aliyeinama majarubani kutwa, huu ndio unaorudisha mgongo upande wa pili. Simama kwa mguu mmoja, wa pili ukiwa umeegemea ndani ya paja au chini ya goti, usiweke juu ya goti lenyewe. Watoto washindane nani anakaa zaidi, mzee ashike ukuta. Mwisho lala chali, nyanyua miguu uiegemeze ukutani dakika tano. Aliyesimama sokoni au kwenye karasha siku nzima ataisikia tofauti miguuni.

Kinachouma kwa kuchoma, kiache. Kuvutika ni sawa, kuchoma si sawa.

Akina baba tumewaacha nyuma kidogo katika maelezo haya, na ndio wengi wenye migongo iliyoharibika. Wengi hawatakuja darasani, wala si lazima. Lile la miguu ukutani linafanyika hata ukiwa umechelewa kurudi, chakula kikiwa bado jikoni, redio ikiwa imewashwa.